Kilele cha Pili si Deni

Wapandaji wengi wa Mlima Meru, mkoani Arusha, hufikia vilele viwili katika muda usiozidi siku moja. Alasiri hupanda Meru Ndogo, mita 3,820, kutoka kambi ya Saddle iliyopo mita 3,570. Usiku wa manane huanza safari ya kilele kikuu, mita 4,566. Wapo wanaoulaumu utaratibu huu kwa sababu ya wingi wa vilele. Lawama hiyo haikuelekezwa mahali pake.

Kupanda Meru Ndogo kisha kurudi kulala chini zaidi husaidia mwili kuzoea. Tatizo limo katika malazi. Usiku uliotangulia, mpandaji alilala Miriakamba, mita 2,514. Miongozo ya tiba ya milimani hushauri kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke kimo kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Hapa ongezeko linazidi mita 1,000, na kabla mwili haujazoea, mtu huamshwa aelekee mahali ambapo kila pumzi humpa oksijeni chini kidogo ya asilimia 60 ya ile ya pwani.

Basi kuumwa kichwa na kichefuchefu si udhaifu. Hatari ni kuficha. Kikundi hufuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya wanyama kama nyati, na hakuna anayepaswa kushuka peke yake. Mgonjwa huona haya kuwaharibia wenzake safari waliyoilipia. Mpagazi huhofia kibarua chake. Wote hunyamaza.

Yafaa ikubaliwe mapema nani atashuka na mgonjwa. Kabla ya kuondoka, kila mmoja, wapagazi wakiwemo, aulizwe kama kichwa kinauma na kama amekula, kisha atembee kwenye mstari ulionyooka. Mwenye maumivu ya kichwa na kichefuchefu asipande. Anayeyumba, aliyechanganyikiwa au anayehema akiwa ametulia ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Asetazolamidi hupunguza uwezekano wa kuugua. Haihalalishi kupuuza dalili.

Bora zaidi ni kuongeza usiku mmoja Saddle. Gharama yake ipo, na kampuni za utalii ziitaje wazi katika bei ya safari, badala ya kuiacha ilipwe na mapafu ya mpandaji.