Watu Walionyang'anywa Majina

Wahenga walisema, Ukitaka kumwua nyani usimtazame usoni. Maana uso wa nyani hufanana na uso wa mtu, na macho yake huomba; amtazamaye, mkono wake hulegea, na mshale hauondoki. Wawindaji wa zamani walilijua jambo hilo. Na katika karne ya 20 serikali moja ya Ulaya ililijua vilevile, ikalitumia, si juu ya nyani, bali juu ya wanadamu.

Watu wengi wasikiapo kwamba serikali ya Hitler katika Ujerumani, pamoja na wasaidizi wake, iliua Wayahudi wapatao milioni 6, hudhani kwamba kazi hiyo ilianza kwa bunduki. Sivyo. Ilianza kwa maneno, zikafuata karatasi, na bunduki ilikuja nyuma. Tena yafaa watoto wa shule walijue jambo hili mapema, kwa kuwa sehemu ya maneno hayo ilifundishwa darasani.

Alikuwako mwalimu wa shule ya watoto katika mji wa Nuremberg, jina lake Julius Streicher. Mwaka 1923 alianzisha gazeti, na tangu hapo hata 1945 gazeti hilo halikuchoka kuwatukana Wayahudi: kwamba ni viini vya ugonjwa, ni wadudu, ni sumu katika damu ya taifa. Mwaka 1938 nyumba yake ya kupiga chapa ikatoa kitabu cha watoto, chenye picha za rangi za kupendeza. Kitabu hicho kilifundisha kwamba, kama uyoga wa sumu unavyofanana na uyoga mwema, ndivyo Myahudi naye anavyoonekana mtu mwema, kumbe ni sumu. Aliyekitunga alikuwa mwalimu pia. Hapo ndipo ubaya ulipozidi. Mtu mzima aweza kubishana na gazeti. Mtoto hukiamini kitabu, maana amekipokea mkononi mwa mkubwa wake.

Hitler alishika utawala tarehe 30 Januari 1933. Mwaka uo huo Wayahudi wakaanza kuondolewa katika kazi za serikali, na waalimu miongoni mwao. Mwaka 1935 sheria zilizotolewa Nuremberg ziliwanyima haki za uraia. Wala sheria hazikuuliza mtu ametenda nini. Ziliuliza babu zake na bibi zake walikuwa nani. Aliyekuwa na watatu wa dini ya Kiyahudi katika wanne, alihesabiwa Myahudi, hata kama yeye mwenyewe amebatizwa na kuketi kanisani kila Jumapili.

Kisha wakafika kwenye majina. Agosti 1938 ilitolewa amri kwamba, tangu 1 Januari 1939, kila Myahudi mwanamume ambaye jina lake halimo katika orodha ya majina ya Kiyahudi iliyopangwa na serikali, aongeze jina la Israel. Na kila mwanamke aongeze jina la Sara. Majina hayo mawili ni ya heshima kubwa katika Maandiko, lakini hapa yaligeuzwa kuwa kama chapa ya moto ipigwayo ng'ombe. Daktari aliyejulikana mji mzima, fundi wa viatu, mtoto mchanga, wote Israel. Na watu wote wakiisha kuwa Israel, hakuna tena fulani na fulani, limebaki kundi.

Novemba 1938 watoto wa Kiyahudi walifukuzwa katika shule za Kijerumani. Asubuhi moja dawati likawa tupu, na somo likaendelea. Septemba 1941 kila Myahudi aliyepata miaka 6 aliamriwa kushona nyota ya manjano kifuani. Mwaka 1942 walikatazwa hata kufuga mbwa, paka, au ndege nyumbani. Mtu aweza kuuliza, serikali iliyokuwa ikipigana vita na nusu ya dunia ilipata wapi nafasi ya kutunga sheria juu ya paka? Iliipata, maana kila karatasi ilikuwa na kazi ile ile moja, kumzoeza jirani asimtazame jirani yake usoni. Na walioziandika hawakuwa wanyang'anyi wa msituni. Walikuwa makarani wenye mwandiko mzuri, waliokwenda kazini kwa saa na kurudi kwa saa, na jioni wakacheza na watoto wao.

Baada ya hayo yakaja magari ya moshi. Watu walisongwa katika mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe, wakapelekwa Poland, na wengi wao mpaka Auschwitz. Walio wengi, hasa wazee, na akina mama wenye watoto wadogo, waliuawa kwa hewa ya sumu siku ile ile waliyofika, bila hata kuandikwa. Walioachwa kwa kazi walinyang'anywa nguo, wakanyolewa, wakachanjwa nambari katika mkono. Askari walipowahesabu walisema "vipande", kama mtu ahesabuvyo magogo. Jeshi la Warusi lilipoingia huko Januari 1945 lilikuta karibu tani 7 za nywele za watu, zimefungwa tayari kupelekwa viwandani.

Lakini hapa liko swali gumu. Ikiwa watu hao walikwisha kukusudiwa kufa, kulikuwa na haja gani ya kuwavua nguo, kuwatukana, na kuwatesa kwanza? Mwaka 1971 mwandishi mmoja mwanamke, Gitta Sereny, alimwuliza neno hilo Franz Stangl, aliyekuwa mkuu wa kambi ya Treblinka, naye yumo gerezani. Stangl akajibu kwamba ilifanywa hivyo kwa ajili ya wauaji wenyewe, ili waweze kuitenda kazi waliyoagizwa. Yeye mwenyewe, alisema, aliwaona watu wale kama shehena. Basi aliyetupwa chini hadhi yake ni Myahudi, lakini aliyekuwa akifundishwa ni yule aliyemtupa. Dharau ilikuwa chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima.

Kwa hiyo hukumu ya Streicher ilikuwa ya haki. Wako wanaosema kwamba mtu asinyongwe kwa maneno, na kwamba Streicher hakuua mtu kwa mkono wake. Ni kweli hakuua kwa mkono. Lakini majaji wa Nuremberg waliona kwamba aliendelea kuandika Wayahudi waangamizwe hata alipokwisha kujua kwamba wanauawa kwa maelfu huko mashariki. Mtu amwagaye mafuta juu ya nyumba inayowaka, hawezi kujitetea kwamba kiberiti hakikuwa chake. Alinyongwa tarehe 16 Oktoba 1946. Na mwaka 2003, katika Arusha, majaji waliowahukumu wenye radio na gazeti katika Rwanda, ambako Watutsi waliitwa mende kabla ya kuuawa mwaka 1994, waliikumbuka kesi hiyo ya mwalimu wa Nuremberg.

Katika siku zile zile alikuwako mwalimu mwingine, katika mji wa Warsaw, ambako Wayahudi walifungiwa ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta. Yeye aliitwa Israel Lichtensztajn. Na jina hilo la Israel hakupewa na karani, alipewa na wazazi wake. Emanuel Ringelblum, mtu wa elimu ya tarehe, alikuwa amekusanya watu kwa siri ili waandike kila kinachotendeka humo: bei ya mkate, barua, insha za watoto wa shule, majina ya waliokufa. Julai 1942 magari ya moshi yakaanza kuwachukua watu wa Warsaw kwenda Treblinka. Ndipo mwalimu Lichtensztajn, pamoja na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, wakazitia karatasi hizo katika masanduku ya bati, wakazifukia chini ya jengo la shule.

Hao watatu hawakuokoka, wala Ringelblum hakuokoka. Aliuawa mwaka 1944 pamoja na mkewe na mwanawe. Masanduku yalifukuliwa mwaka 1946, katika kifusi, maana mtaa mzima ulikuwa umebomolewa. Ndani yake mlikuwamo wasia wa mwalimu. Hakuomba shukrani wala sifa. Aliomba mkewe, Gele Seksztajn, aliyekuwa mchoraji, akumbukwe. Na binti yao naye akumbukwe, mtoto wa miezi 20. Akaliandika jina lake: Margalit.