Chura Azaaye Watoto Hai

Mvua za masika zinyeshapo juu ya Mlima Meru, mabondeni mwa Arusha husikika sauti za vyura usiku kucha. Kukicha, twawaona watoto wetu wakiokota mawe ili wawapige. Wazazi wengi huwatazama tu, wakisema: chura naye ana thamani gani?

Twapenda kuwajibu ndugu zetu kwa habari za nchini mwetu. Vyura wa madimbwi ya Arusha hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Lakini katika misitu ya milima mikongwe ya Tanzania, kama Uluguru na Udzungwa, wamo vyura wa jamii isiyopatikana penginepo duniani. Jike hulea mayai tumboni mwake, akazaa vyura wadogo waliokwisha kukamilika.

Mmoja wao alielezwa na mtaalamu wa Kijerumani, Gustav Tornier, mwaka 1905. Kwa zaidi ya miaka mia, vyura wa milima mbalimbali wakaitwa kwa jina lake hilo moja. Mwaka 2025 wataalamu walilinganisha vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, hata vya vyura wa zamani waliohifadhiwa makumbusho. Wakatambua aina tatu mpya. Nyika kavu iliitenga milima, na kila kundi likaishi peke yake vizazi kwa vizazi, hata urithi ukatofautiana.

Hazina hii yaweza kupotea upesi. Chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi alijulikana mwaka 1996. Maji ya mto yalipozuiwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yaliyomlisha uhai yalipungua, na ugonjwa wa ukungu ukamfikia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kama wasingalichukuliwa vyura 499 kwenda kutunzwa Marekani mwaka 2000, asingalibaki hata mmoja. Wazao wao walirudishwa nchini mwaka 2010.

Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa, alikataza asiuawe. Basi, ewe mzazi, mwanao aokotapo jiwe, mshike mkono. Mwambie kwamba hata watu wa elimu walihitaji zaidi ya karne moja kuwatambua viumbe hawa. Tutaua vipi kwa mchezo tusichokijua?