Mashine ni Yetu, Funguo ni za Nani?

Hebu fikiria mgonjwa ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni, kama alivyoagizwa. Amelipa nauli ya matatu, amefika hospitalini, anaambiwa mashine ya kupiga picha za tumbo imeharibika. Arudi wiki ijayo. Fundi yupo, bisibisi anayo, kipuri kimepatikana. Kinachokosekana ni nambari ya siri, kwani mashine nyingine za kisasa huendeshwa na programu ya kompyuta ambayo hukataa kipuri kipya hadi wakala wa kiwanda aje kuifungua.

Pale Sigalagala, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, Chuo cha Kitaifa cha Ufundi kinafunza vijana kazi za umeme na elektroniki. Yafaa nini kuwafunza kutengeneza, kisha tununue mashine wasizoruhusiwa kuzigusa? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii yetu tumeilipia, na bado ni ya kuazima!

Wakili mmoja wa Marekani, Karen Sandler, amepandikizwa kifuani kifaa cha kushtua moyo unapokwenda vibaya. Aliomba kuona programu inayokiendesha, akakataliwa. Alipokuwa mjamzito, kifaa kilimpiga shoti bila sababu. Kilichowezekana ni kumpa dawa za kupunguza kasi ya moyo.

Wenye viwanda hudai kuwa kufuli hizo ni kwa usalama wa mgonjwa. Kweli, si kila mwenye bisibisi ni fundi. Lakini tiba ya hilo ni fundi aliyehitimu, wala si siri. Mwaka wa 2021 Marekani yenyewe ililegeza kanuni zake za hakimiliki ili kufuli za vifaa vya matibabu ziweze kufunguliwa kwa matengenezo.

Sisi nasi tunao mfano. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ilitumika mapema kule Eldoret. Leseni yake ni huria: yeyote aweza kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Juu ya msingi huo ikajengwa KenyaEMR, inayotumika katika kliniki za Ukimwi nchini.

Basi kaunti inaponunua mashine, mkataba utaje mambo matatu: kitabu cha matengenezo, nambari za siri, na haki ya fundi wetu kurekebisha programu. Muuzaji akikataa, tutafute mwingine. Mgonjwa mwenye njaa hawezi kungoja fundi wa ng'ambo ashuke kwenye ndege.