Ukinunua Vifaranga vya Kambale

Huku Bukoba na Muleba wako wanaochimba mabwawa bondeni, chini ya migomba, ili watoto wapate kitoweo. Ni jambo jema. Lakini anunuaye vifaranga vya kambale na aangalie sana, kwani samaki huyo humla nduguye.

Mimi nilinunua 200, wakubwa kwa wadogo, nikifurahia bei. Siku ya kuvua nilikuta wachache wanene. Wenzao walikwisha kuliwa. Na karo ya mtoto nilikuwa naitumaini humo.

Basi, mwombe mwuzaji awachote mbele ya macho yako. Wawe wa kimo kimoja. Tia mkono majini: aliye mzima hukimbia upesi. Tazama sharubu na mapezi, yasiwe yametafunwa. Mwenye mgongo uliopinda, tumbo lililonywea, au utando mweupe kama pamba, mwache. Akipanda juu kuvuta hewa usishtuke; ndiyo desturi yake.

Hata bwawani, kila baada ya majuma machache wachambue, wakubwa uwatenge. Ukiwachanganya, wewe ndiwe uliyewaandalia karamu.