Kabla Hujanunua Boti, Hesabu Siku Itakazolala

Wiki hii tuwaache wapenzi wagombane wenyewe, sisi tuzungumze mapene. Maana kuna homa imewaingia vijana wenzangu wa pwani: kila mwenye vijisenti vyake siku hizi anataka boti ya watalii.

Siwalaumu. Nenda Nungwi au Kendwa, kule kaskazini mwa Unguja, ukae ufukweni asubuhi moja tu. Utawaona wazungu na vibukta vyao wanapanda boti kwenda Mnemba kupiga mbizi na kutazama samaki. Jioni wanarudi wekundu kama kamba waliochemshwa, wanacheka, wanatoa pochi. Kijana aliyekaa pale mchangani anapiga hesabu ya kichwani: watu kumi, kila mmoja kalipa kiasi fulani, mara siku thelathini, mara miezi kumi na miwili. Loh! Ameshakuwa tajiri kabla hata hajajipangusa mchanga. Kesho yake yuko kwa mama mzazi, anambembeleza wauze kiwanja alichoacha marehemu baba.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika shati. Ndugu yangu, hesabu yako ni ya siku boti inazokwenda. Umezisahau siku inazolala. Na biashara hii, usione watu wanatesa, inahukumiwa na siku za kulala.

Tupige mfano, na nasema mfano tu, bei za kweli utaziulizia mwenyewe. Tuseme kundi moja linakodi boti yako kwa siku nzima, shilingi 300,000. Umeshika mshiko mkononi, raha. Lakini wale wateja hawakuanguka kutoka mbinguni, wameletwa na papasi au na mtu wa hoteli, naye anataka chake, tuseme 60,000. Mashine inakunywa. Ile ya nguvu za farasi 40 ukiikaba mpaka mwisho inaweza kumaliza lita kumi na tano kwa saa moja, na bado kuna oili ya kuchanganya. Kwa safari ya kwenda na kurudi toa 90,000. Nahodha na baharia wake, 50,000. Matunda, samaki wa kuchoma, maji ya kunywa na barafu, 40,000. Umebakiwa na 60,000. Siyo 300,000, ni 60,000!

Haya, ukipata safari tatu kila wiki kwa wiki 35 za mwaka, hizo ni safari 105. Zidisha. Unapata shilingi 6,300,000 kwa mwaka mzima, kabla hujagusa leseni, spea na kamba mpya. Sasa kama ulikopa, na mkopeshaji anataka 800,000 kila mwezi, yeye peke yake anadai 9,600,000. Hiyo tofauti utaitoa wapi, mwenzangu? Kwa shemeji?

Na kwa nini nimesema wiki 35 wakati mwaka una wiki 52? Hapo sasa ndipo penye utamu. Aprili na Mei ni masika. Mvua inapiga, watalii wanapungua, hata hoteli nyingine za pwani hufunga milango zikapaka rangi. Boti yako inalala, lakini mlinzi anataka mshahara na watoto wako hawaulizi kama ni masika, wanauliza chakula.

Kisha chombo chenyewe kina madai yake. Kama ni cha mbao, lazima kipandishwe pwani, kipigwe kalafati, mbao zilizooza zibadilishwe. Kama ni cha faiba, kikigonga mwamba kinapasuka na fundi wake si kila fundi. Mashine nayo ina tabia kama ya mpenzi wa mjini, inanuna siku ile ile uliyokuwa na shughuli.

Halafu kuna maji. Tofauti ya kupwa na kujaa Unguja, wakati wa bamvua, hufika kama mita nne. Nungwi una nafuu kidogo, lakini ukiweka boti yako Paje au Jambiani, upande wa mashariki, kuna saa maji yanakimbia mbali kabisa na chombo kinabaki kimekaa kwenye mchanga kama kuku anayeatamia. Mteja anataka saa tatu, bahari inasema saa saba. Utamsikiliza nani?

Na juu ya yote kuna balaa usizozipanga. Mwezi Machi 2020, korona ilipokata safari za ndege duniani, ufukwe ulikuwa ule ule, jua lile lile, samaki wa Mnemba wale wale. Wateja hakuna. Aliyekuwa na akiba alivumilia. Aliyekuwa na deni aliuza mashine, na mashine ikiuzwa kwa shida haina bei.

Sasa nisikilize vizuri, maana utani umekwisha.

Upepo wa kusi unavuma kwa nguvu kuanzia Juni mpaka Agosti hivi. Na Julai na Agosti ndipo watalii wanapomiminika, maana kwao ni likizo. Kusi linatoka kusini mashariki. Ukiwa Kendwa, upande wa magharibi, unaweza kuona bahari imetulia kama uji uliopoa ukadhani mambo mswano. Zunguka rasi ya Nungwi uelekee Mnemba, utakutana na bahari nyingine kabisa, ina meno. Kwa maneno mengine, siku zenye wateja wengi ni zile zile zinazoweza kuwa na bahari mbaya.

Nahodha anayejua kazi yake akitazama mawimbi anasema leo haiendeki. Mwenye boti asiye na deni anawaomba radhi wageni, anawarudishia pesa, anakwenda kunywa kahawa barazani. Mwenye boti anayedaiwa anasema nini? Anasema nenda tu, nenda polepole. Ongeza na wale wawili pale, watajibanabana. Maboya ya kuvaa hayatoshi? Si wanajua kuogelea!

Upepo haujui kama unadaiwa. Na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa hadithi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo huo huo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejazwa kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Ilikuwa meli, siyo kiboti cha watalii, lakini tamaa ya kuongeza mtu mmoja zaidi ni ile ile, kwenye chombo kikubwa na kwenye kidogo.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Msemo mzuri, ila wenye boti wasiupende mno ukawa kisingizio. Mara nyingi usukani upo. Tatizo ni kwamba anayeushika kasukumwa baharini na mtu aliye nchi kavu anayeogopa mkopeshaji.

Basi tusinunue boti? Nunua, nani kakukataza! Ila fuata utaratibu. Kwanza, fanya kazi kwenye boti ya mtu mwingine mwaka mmoja kamili, usiruke hata msimu mmoja. Kaskazi uwepo, masika uwepo, kusi uwepo. Beba nanga, osha sitaha, chemsha wali, sikiliza nahodha anavyoisoma bahari. Kama ndoto yako ni kupeleka watu kuwatazama papa potwe kule Mafia, nenda kakae Kilindoni ujionee kwamba wateja wa papa huja zaidi kati ya Oktoba na Machi, na miezi mingine utatafuta kazi nyingine ya kuifanyia boti.

Pili, pesa uliyonayo igawe kabla hujaigusa. Ikitosha boti tu, bado haijatosha. Lazima ibaki ya miezi mitatu ya kulala, iwekwe mahali ambapo hata wewe mwenyewe huifikii kirahisi. Ikikosekana, ungana na wenzako wawili mnunue moja, au anza na mashua ya tanga iliyotumika. Wageni wengine wanalipenda tanga kuliko mashine, na upepo hauuzwi kwa lita.

Tatu, karatasi. Visiwani chombo kinakaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na Kamisheni ya Utalii nayo ina leseni zake. Bara ni TASAC, iliyochukua kazi hiyo baada ya SUMATRA. Ukienda kwenye hifadhi za bahari, kama Mbudya na Bongoyo hapa Dar, kuna ada ya kuingia. Usifanye ujanja wa kupita pembeni. Cheti kinapoandika watu wanane, maana yake ni wanane, siyo wanane na shangazi yao.

Nne, mpe nahodha wako neno la mwisho, na umlipe kitu hata siku aliyosema haiendeki. Akijua atalala njaa kwa kusema kweli, siku moja atakudanganya, na uwongo huo utaupata majini.

Na wewe dada unayeambiwa kila siku nisubiri ninunue boti ndipo tuoane, usimuulize boti itakuwa na rangi gani wala itaitwa kwa jina la nani. Muulize swali moja tu: masika tutakula nini? Akibabaika, mwambie aendelee kubeba nanga za watu kwanza. Akikujibu kwa hesabu, dada yangu, andaa kanga.

Tukijaaliwa, wiki ijayo.