Mnyauko wa migomba wavuka mipaka, kinga yasubiri usajili

Mgomba ukishapata mnyauko fuzari, hakuna dawa ya dukani itakayouponya. Ukungu huo huingia kupitia mizizi, huziba mirija ya maji hadi majani yakawa njano na kunyauka, na vimbegu vyake hukaa udongoni kwa miongo kadhaa. Ndio uliofuta mashamba ya ndizi za Gros Michel Amerika ya Kati kufikia miaka ya 1960. Katika Maziwa Makuu hushambulia zaidi sukari ndizi na kayinja. Aina yake kali, TR4, ilithibitishwa mwaka 2013 kaskazini mwa Msumbiji, nchi inayopakana na Tanzania.

Ndiyo maana watafiti wanageukia bakteria rafiki, hasa wa jamii za Bacillus na Pseudomonas. Wakiwekwa kwenye mizizi ya mche, huwahi kushika nafasi, hugombania chakula na madini ya chuma, hutoa kemikali zinazozuia ukungu kukua na huamsha kinga ya mmea wenyewe. Bacillus, kwa kuwa hujigeuza chembe ngumu inayostahimili joto na ukavu, anaweza kuuzwa kama unga bila kuhitaji jokofu.

Hata hivyo, bakteria hawafufui mgomba uliokwisha kunyauka. Tena, matokeo mazuri ya kwenye vyungu mara nyingi hupungua shambani, kwa kuwa udongo hutofautiana. Lazima wajaribiwe katika mashamba yetu, na watumike pamoja na miche safi iliyooteshwa maabara.

Hapo ndipo siasa za mipaka zinapoingia. Kenya husajili viuatilifu kupitia PCPB, Tanzania kupitia TPHPA, na majirani wana mamlaka zao. Kwa mzalishaji mdogo, kurudia majaribio na ada nchi baada ya nchi ni mzigo unaoweza kumkatisha tamaa. Wakati huohuo, mkulima hupewa chipukizi na ndugu yake wa ng'ambo ya mpaka bila cheti chochote, na ugonjwa ukasafiri nalo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina miongozo ya pamoja ya kutathmini viuatilifu. Kipimo chake kiwe hiki: majaribio yaliyofanyika Masaka yakubalike Bukoba, kwa kuwa migomba ya pande zote mbili hulimwa kando ya ziwa lilelile. Bila hivyo, ukungu utaendelea kutangulia, na familia zinazokula na kusomesha watoto kwa ndizi ndizo zitakazolipa.