Kutoka Kitandani pa Mgonjwa Hadi Mezani pa Hesabu

Katika nyumba nyingi za kambini, mama wa nyumba ni muuguzi. Hurudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, akavua viatu mlangoni, akawapikia watoto uji na kuwaandaa kwenda shule, ndipo naye ajinyoshe kidogo. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano ya kazi ya namna hiyo, siku moja barua hufika. Anatakiwa ashike madaraka ya ofisi: rejista za wagonjwa, funguo za bohari ya dawa, orodha ya zamu za wenziwe, na taarifa ya kila mwezi. Hapo mashauri huanza. Mume husema hiyo ni heshima kwa nyumba nzima. Shangazi husema mkono uliozoea kumwosha mgonjwa hauwezi kuzoea karatasi. Naye mama mwenyewe, wengine wakiisha lala, hujiuliza: Je, huku si kuwakimbia wagonjwa?

Swali hilo halikuanza leo. Liko jibu lake katika maisha ya mwanamke mmoja aliyewauguza askari, kisha akatumia sehemu kubwa ya umri wake mezani, akiandika na kuhesabu.

Florence Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika nyumba ya Waingereza matajiri. Wazazi wake walimkataza uuguzi kwa miaka mingi, kwa kuwa siku zile kazi hiyo ilidharauliwa sana. Hata hivyo alishikilia nia yake, na mwaka 1851 akajifunza kazi huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1853 alikabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Baba yake, aliyekuwa amekwisha kubali, akampa paundi 500 kwa mwaka za kujitegemea.

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Majeruhi wa Kiingereza walipelekwa kwa meli hadi Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, katika kambi kubwa ya Waturuki iliyogeuzwa kuwa hospitali. Nightingale alifika huko mwezi wa Novemba pamoja na wauguzi 38. Wakakuta askari wamelala chini kwa safu ndefu, nguo zao zimejaa chawa, sabuni haipatikani, na vyoo vimeziba.

Wauguzi wale walifanya kazi usiku na mchana. Waliosha, walifunga vidonda, walipika na kulisha. Nightingale naye alipita wodini usiku akiwa na taa mkononi, na habari hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Lakini mambo mengine hayakusimuliwa sana. Mashati kwa maelfu yalikuwa yamekwisha teremshwa bandarini, na askari walikuwa uchi. Walakini mashati hayakuweza kugawanywa mpaka baraza liketi na kutoa idhini. Wiki zikapita. Mashati hayakukosekana, bali aliyekosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kufungua mizigo. Muuguzi, hata awe na huruma kiasi gani, hawezi kumvika mgonjwa shati lililofungiwa ghalani.

Pamoja na juhudi zote hizo, vifo viliongezeka. Mwezi wa Februari 1855, kwa hesabu aliyoitoa Nightingale mwenyewe baadaye, walikufa askari wapatao 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi wa Machi serikali ya Uingereza ilituma tume ya usafi. Wajumbe wake walizibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, wakaondoa taka na kuzika mizoga ya wanyama, wakasafisha njia za maji ya kunywa, na wakapitisha hewa wodini. Kufikia Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu wawili katika kila 100.

Nightingale alirudi kwao mwaka 1856 akiwa mgonjwa, huku nchi nzima ikimsifu. Angaliweza kustarehe na sifa zake. Badala yake aliomba madaftari ya vita na kuketi kuyahesabu, akisaidiwa na William Farr, mjuzi wa takwimu za vizazi na vifo. Walakini majibu waliyoyapata yalikuwa machungu. Askari wapatao 16,000 walikuwa wamekufa kwa maradhi, na wasiotimia 5,000 kwa silaha za adui. Tena, hospitali za Scutari, mahali alipoziweka nguvu zake zote, zilikuwa miongoni mwa mahali palipoua zaidi. Wakati wa vita aliamini kwamba askari wale walikufa hasa kwa kukosa chakula na kwa kuletwa wakiwa hoi. Hesabu zilimwonyesha kwamba jengo lenyewe, kwa uchafu wake na msongamano wake, lilikuwa likiwaua wale aliokuwa akiwashika mikono.

Mtu mwingine angaliyaficha madaftari hayo. Yeye aliyaandikia kitabu kikubwa mwaka 1858, akachora na picha za takwimu, ili hata waziri asiyependa tarakimu aone kwa jicho moja wangapi walikufa na kwa sababu gani. Wala hakuishia kwenye vita. Alionyesha kwamba hata wakati wa amani, askari waliokaa katika makambi ya Uingereza walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Tume ya serikali ilikubali ushahidi huo. Makambi yakapatiwa hewa, maji safi na mifereji, na katika miaka michache vifo makambini vikapungua kwa karibu nusu. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa kitandani kwa ugonjwa, kalamu mkononi. Alifariki mwaka 1910.

Basi, je, aliwakimbia wagonjwa? Kwa taa yake alimfikia askari mmoja mmoja. Kwa kalamu yake aliwafikia askari ambao hakuwaona kamwe, pamoja na wake zao na watoto wao waliokaa nao kambini.

Hapa Uganda nako njia hiyo ilikwisha pitwa. Mwaka 1897, hospitali ya Mengo ilipoanzishwa na daktari Albert Cook, muuguzi Katharine Timpson alikuwapo. Daktari huyo alimwoa mwaka 1900. Bibi huyo akawa mkuu wa wauguzi wa Mengo, na baadaye akasimamia mafunzo ya wakunga na kukagua vituo vya uzazi vya mashambani. Mikono yake miwili isingalitosha kuzalisha wanawake wa nchi nzima, lakini wakunga waliofunzwa waliweza kuwafikia wengi.

Siku hizi kila kituo cha afya cha serikali nchini hujaza kila mwezi fomu namba 105 ya Wizara ya Afya, yenye hesabu za wagonjwa waliotibiwa bila kulazwa. Wako wanaoijaza kwa haraka ili kazi iishe. Lakini mkuu wa kituo aliyekuwa muuguzi anajua kilicho nyuma ya kila tarakimu. Akiona homa ya malaria imepanda baada ya mvua, huagiza dawa na vipimo mapema, kabla bohari haijawa tupu. Akiona watoto wa mtaa mmoja wa kambi wanaharisha kuliko wa mitaa mingine, hatosheki kugawa dawa, bali huenda kutazama kisima na vyoo. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hospitali, hata roho za watu hupotea vivyo hivyo.

Yuko mambo matatu ya kuzingatiwa na mama anayeitwa ofisini. La kwanza ni elimu. Ujuzi wa wodini ni mtaji, lakini hautoshi. Fedha, bohari na usimamizi wa watu vina kanuni zake, nazo hufundishwa. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, kilichoanza kufundisha huko Nkozi mwaka 1993, ni mojawapo ya mahali panapofundishwa usimamizi wa huduma za afya.

La pili ni kutosahau njia ya wodini. Msimamizi na apite kitandani kwa wagonjwa kila siku, kwa maana daftari halina pua ya kunusa choo kilichoziba. Tena awe tayari kuandika ukweli, hata ukweli huo ukimshitaki yeye mwenyewe.

La tatu ni la nyumba. Masomo hula jioni, na taarifa za mwisho wa mwezi hula Jumapili. Mume aliyefurahia barua ile na achukue sehemu yake: awapikie watoto uji, akague madaftari yao ya shule, na asilalamike taa ikiwaka hadi usiku. Naye shangazi na aelezwe kwa upole kwamba mkono ule ule uliomwosha mgonjwa sasa unahesabu sabuni, ili yule atakayelazwa kesho asiikose.